Chai ya kijani na kisukari: inashusha kweli au tunauziwa majani tu?

BintiWaNyakato
Wakuu habari za jioni. Mama yangu ana sukari, ile aina ya pili, yuko kwenye metfomini na glibenklamidi (vidonge vya hospitali vya kushusha sukari) na alikuwa anaendelea vizuri tu, asubuhi kabla ya kula inacheza kwenye 7 (mmol kwa lita). Sasa kuna dada anapita nyumba kwa nyumba huku kwetu anauza chai ya kijani, ya majani na ya vidonge, kamwambia mama ndani yake kuna kitu kinaamsha kongosho (kiungo kinachotengeneza insulini, homoni ya kushusha sukari) na akishaanza hiyo aachane na dawa za hospitali maana zinaua figo. Mama kaacha kimyakimya. Nimejua nilipokuta boksi la dawa halijaguswa. Leo asubuhi nimempima kwa mashine ya jirani imesoma 14.2, yeye anasema ni mwili unazoea. Naomba kujua hii chai ina kitu kweli au ni biashara, na kama ina kitu ni kitu gani, maana nikimwambia "ni uongo" hanisikilizi kabisa, anataka maelezo.

Ng'wanaMagu
Pole sana dada. 14 sio mwili unazoea, 14 ni sukari iko juu. Kesho asubuhi mpeleke kliniki kabla ya kitu kingine chochote. Akianza kutapika, kuhema haraka au kuchanganyikiwa hata kama ni usiku usisubiri kupambazuke. Mjadala wa majani tutaufanya mama akiwa salama.

Mhaya_wa_Maruku
Nakazia alichosema Ng'wanaMagu. Kuhusu majani niseme ninachokijua maana nimekulia karibu na mashamba ya chai huku Kagera. Chai ya kijani na hii nyeusi tunayokunywa kila siku ni mmea mmoja, hakuna mti wa chai ya kijani na mti wa chai nyeusi. Tofauti ni kiwandani. Nyeusi majani yanasagwa yanaachwa yapigwe na hewa mpaka yanageuka rangi, ya kijani yanapigwa joto mapema, Wajapani kwa mvuke na Wachina kwenye kikaango, ili yasigeuke. Kwa hiyo mtu akikwambia ni majani ya ajabu kutoka ng'ambo mwambie hata Mufindi na Rungwe mmea huo upo.

Mvuvi_wa_Kayenze
Mhaya bwana kila uzi lazima aanze na "nimekulia", nshomile (wasomi wa Kihaya) hamjifichi 😂 Ila kaongea ukweli. Mimi sina elimu ya haya mambo lakini nina ushahidi wangu, nilikuwa nacheza 11, 12, nikaambiwa na shemeji nianze chai ya kijani, nikaanza, kikombe asubuhi kikombe mchana kikombe jioni na nikirudi ziwani usiku tena kikombe, sukari ikashuka mpaka 7 na kidogo na dawa yangu ya metfomini sikuiacha hata siku moja, sasa nyie semeni mtakavyosema mimi naona inafanya kazi.

DadaSalma_Kirumba
Mvuvi hebu jibu kitu kimoja, kabla ya hapo ulikuwa unakunywa chai gani?

Mvuvi_wa_Kayenze
Ya maziwa, sukari vijiko vitatu vinne hivi. Hii ya kijani naipiga kavu maana ikiwekwa sukari inakuwa na ladha mbaya.

DadaSalma_Kirumba
Basi ndo hapo. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Vikombe vinne mara vijiko vitatu tu, hiyo ni karibu gramu 48 za sukari umeziondoa kwenye mwili wako kila siku, na WHO wanashauri ikiwezekana mtu mzima asivuke kama gramu 25 kwa siku nzima. Ungekunywa hata maji ya moto ya ziwa yaliyochemshwa ungeshuka. Mimi msimamo wangu ndo huo, chai ya kijani inasaidia kwa sababu ya kile ambacho hukuweka ndani yake.

FundiMaabara
Salma una hoja nzuri ila usiifunge mapema. Kuna vitu vyenyewe ndani ya jani vimechunguzwa sana. Kundi lake linaitwa katekini, na kubwa lao ni EGCG. Kwenye chai nyeusi sehemu kubwa ya hizo katekini inageuka kuwa vitu vingine, theaflavini na wenzake, ndo maana ya kijani ndo inasemwa zaidi.

Sasa zinafanyaje? Maelezo yako mengi na hayajashinda lolote. La kwanza, tumboni. Ukila ugali mwili una vimeng'enya vya kuukata ule wanga uwe glukosi. Maabara katekini zinaonekana kuvizuia hivyo vimeng'enya, na zinasumbua pia mlango ambao glukosi inapitia kutoka utumbo kuingia kwenye damu. La pili, ini. Usiku ukiwa umelala ini linatengeneza sukari lenyewe, kwenye seli za maabara EGCG imeonekana kupunguza hiyo kazi, eneo hilohilo ambalo metfomini inafanyia kazi. La tatu, misuli kuipokea insulini vizuri zaidi.

Tatizo ni kwamba EGCG ukiinywa inayoingia kwenye damu ni kidogo mno. Kiwango wanachomwagia seli maabara mara nyingi ni kikubwa kuliko kinachoweza kufika kwenye ini la mtu aliyekunywa kikombe. Kwa hiyo mimi naiamini zaidi ile ya tumboni, maana pale inakutana na chakula uso kwa uso haihitaji kuingia kwenye damu. Na lile la "kuamsha kongosho" alilouziwa mama ndo dhaifu kuliko yote.

MzeeWaKamanga
Asante fundi. Vijana mimi nilisoma habari za Japani, utafiti wa mwaka 2006, watu zaidi ya elfu 17 wakafuatiliwa miaka mitano. Waliokunywa vikombe 6 au zaidi vya chai ya kijani kwa siku, hatari yao ya kupata kisukari ilikuwa chini kwa asilimia 33 kuliko wasiokunywa hata kikombe kimoja kwa wiki. Asilimia 33 si mchezo. Na chai nyeusi haikuonyesha kitu. Hapo hoja ya Salma ya sukari si imekufa?

DadaSalma_Kirumba
Shikamoo mzee. Haijafa. Mtu anayekunywa vikombe sita vya chai kavu hanywi soda sita.

FundiMaabara
Mzee huo utafiti upo ila tuweke sawa vitu viwili. Wale hawakuwa wagonjwa, ni watu wazima wasio na kisukari wakaangaliwa nani ataugua, haukusema chai inatibu aliyekwisha ugua. Na hawakupewa chai, waliulizwa tu wanakunywa nini, sasa mnywaji wa chai Japani anaweza kuwa na mambo mengine kibao, chakula chake, mwendo wake. Wenyewe watafiti walipiga hesabu kuyaondoa hayo lakini huwezi kuyaondoa yote.

Ukitaka za kugawa watu makundi, hawa chai hawa siyo, kuna uchambuzi wa 2013 uliokusanya majaribio 17, watu 1,133. Sukari ya kabla ya kula ilishuka kwa wastani wa 0.09 mmol kwa lita. Nairudia, sifuri nukta sifuri tisa. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), ambacho husomwa kwa asilimia, kikashuka pointi 0.3. Ipo, lakini ndogo. Mashine hizi za kujipima nyumbani viwango vya kimataifa vinaziruhusu kupishana na maabara mpaka asilimia 15, maana yake kwenye 10 inaweza kukusomea 8.5 au 11.5 na bado ikahesabiwa nzima. Hiyo 0.09 huwezi hata kuiona. Mvuvi kutoka 12 mpaka 7 haiwezi kuwa katekini peke yake.

Mvuvi_wa_Kayenze
Sawa lakini mimi nimeishuhudia kwenye mwili wangu.

JamaaWaDunga
Nawasalimia kutoka Kisumu, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Huku kuna watu wameachana na ya kijani wako kwa chai ya zambarau. Sio rangi ya kupaka, ni mmea wenyewe majani yake ni ya zambarau, walitoa watu wa utafiti wa chai pale Kericho mwaka 2011, inaitwa TRFK 306. Iko na anthosayanini juu ya zile katekini. Wauzaji wanasema inashusha sukari kushinda ya kijani. Kuna mtu amejaribu?

FundiMaabara
Jamaa, anthosayanini zipo kweli, ndo rangi hiyohiyo ya rosela na zambarau za kula. Ila "inashusha kushinda" kwa binadamu mwenye kisukari, hapo mwambie muuzaji akuonyeshe. Kuwa nayo kwenye jani ni jambo moja, kushusha sukari ya mtu ni jambo lingine.

KijanaWaIgoma
Nimwagie petroli kidogo. Mzee kaleta Japani, mimi naleta China. Shanghai walifuatilia wanawake na wanaume wengi sana kwa miaka, majibu yakatoka 2018, wanywaji wa chai ya kijani hatari yao ya kisukari ilikuwa KUBWA zaidi, kama asilimia 20, sio ndogo. Halafu kuna utafiti mwingine mkubwa wa Wachina unaosema kinyume chake. Sasa hapo tushike lipi?

MzeeWaKamanga
Hapo mjukuu umenichanganya. Pengine huko chai yenyewe inatofautiana, au walioona sukari inanyemelea ndio waliokimbilia chai. Mtu haanzi dawa akiwa mzima.

FundiMaabara
Mzee hilo la pili ni hoja nzito sana.

MamaPacha_Buswelu
Samahani naingilia, naona wanaume mnabishana Japani na China mmesahau akina mama. Katekini na tanini za chai zinashika madini ya chuma ya kwenye mboga za majani na maharage, sehemu kubwa yanapita tu hayaingii mwilini. Mimi nikiwa na mimba ya mapacha damu yangu ilishuka sana, na chai nilikuwa nainywa palepale na chakula kila siku. Nesi akanikataza, akasema nisubiri kama saa nzima baada ya kula. Huku kwetu na malaria hii mtu hana damu ya kuchezea. Kwa hiyo mnaposema "vikombe sita" semeni pia kwa nani.

KijanaWaIgoma
Hii pointi imenifumbua. Maana maelezo ya fundi ya tumboni yanataka chai ikutane na ugali, yaani unywe palepale na chakula. Ya MamaPacha yanataka zisikutane. Huwezi kupata vyote.

FundiMaabara
Ndo hivyo hasa, na wengi wanaoshauri hawasemi. Mwenye damu ya kutosha na kisukari anaweza kunywa na chakula, mjamzito au mwenye upungufu wa damu atenganishe. Chuma cha kwenye samaki na nyama sehemu yake haishikwi sana, huku ziwani tuna afadhali kidogo, ila mchicha na maharage ndo yanaumia.

TabibuMizizi
Nawasalimu nyote. Nasikitika kuona watu wanadharau mimea. Metfomini hiyo mnayoisifu asili yake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis, ambao watu walikuwa wakiutumia zamani. Kisayansi ilitengenezwa 1922 na ikaanza kupewa wagonjwa wa kisukari Ufaransa 1957. Kwa nini mmea wa Mzungu uwe dawa na mlonge wetu, mchaichai wetu viwe porojo?

DadaSalma_Kirumba
Tabibu hakuna aliyedharau. Ila angalia ulichoandika mwenyewe, kutoka mmea mpaka wagonjwa walipopewa ni miaka na miaka, wakatafuta kitu chenyewe ni kipi, kipimo gani, kinadhuru wapi. Yule dada wa nyumba kwa nyumba kapima nini? Na mchaichai sio chai ya kijani jamani, ile ni nyasi, haina EGCG wala nini. Naona pale sokoni watu wanauziwa mchaichai mkavu wanaambiwa ndo hiyohiyo.

TabibuMizizi
Hapo nakubali. Mimi pia mgonjwa wangu simwambii aache dawa za hospitali.

Ng'wanaMagu
Tabibu asante kwa hilo, liandike kwa herufi kubwa. Halafu hili la "metfomini inaua figo" limezagaa mpaka vijijini. Kinachoharibu figo ni sukari yenyewe ikikaa juu muda mrefu, na presha. Metfomini inapunguzwa au inasimamishwa kwa mtu ambaye figo tayari zimechoka, ndo watu wanaona "kaachishwa, basi ndo ilimuua". Baba yangu mdogo aliamini hivyo akaacha, leo anasafishwa damu. Inauma sana, naomba BintiWaNyakato amweleze mama hili kwa upole.

Pili_wa_Nansio
Jamani nami nauliza, mdogo wangu ana miaka tisa, ni wa insulini. Shangazi anataka kumpa hii chai ili wapunguze sindano. Inawezekana?

FundiMaabara
HAPANA dada Pili. Huyo kongosho lake halitoi insulini, hilo ni aina ya kwanza. Kabla ya insulini kupatikana Toronto 1921 watoto kama yeye walikuwa wanakufa. Hakuna chai, hakuna jani, hakuna kidonge cha kunywa kinachochukua nafasi yake. Sindano isipunguzwe hata moja bila daktari wake. Mwambie shangazi leo.

Pili_wa_Nansio
Nimeelewa, asante. Nampigia sasa hivi.

MamaPacha_Buswelu
Mungu amlinde huyo mtoto.

KijanaWaIgoma
Turudi kwenye vidonge vya mama. Chai ya kunywa naona kelele tu, vidonge ndo vinanitisha.

FundiMaabara
Vinatisha kweli. Kikombe kina EGCG ya kawaida, mnywaji mzuri Ulaya anapata kati ya miligramu 90 na 300 kwa siku. Ile mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa taarifa 2018, ikasema kuanzia miligramu 800 kwa siku kwenye vidonge vimeng'enya vya ini vinaanza kupanda, dalili kwamba ini linaumia. Vidonge viwili vitatu vya hao jamaa unaweza kufika hapo, tena mtu anameza tumbo tupu. Halafu kuna kuingiliana na dawa, Wajapani 2014 walijaribu kwa kikundi kidogo cha watu, dawa ya presha inaitwa nadololi ikinywewa na chai ya kijani, kiasi cha dawa kilichoingia kwenye damu kilipungua kwa asilimia 85. Sio dawa zote ziko hivyo, lakini mama akiwa na dawa za presha amwambie daktari.

Ng'wanaMagu
Na kuna kitu kibaya zaidi ya hicho, vidonge vya "asili" vilivyochanganywa dawa ya hospitali kwa siri. Singapore 2008 watu walimeza vidonge vya nguvu za kiume, kumbe ndani kuna glibenklamidi, sukari zikaanguka, wengine walikufa. Mama akimeza cha namna hiyo siku atakayorudia na dozi yake ya glibenklamidi, jasho, kutetemeka, kuzimia. Angalia boksi kama lina usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

BintiWaNyakato
Nimerudi wakuu. Tumeenda kliniki, mama karudishiwa dawa na wamempima na figo, ziko salama. Boksi la vidonge nimelikagua, halina usajili wowote wala kiasi cha kitu chochote, na kwenye yale majani kuna neno "senna" kwa maandishi madogo. Hiyo ni nini?

FundiMaabara
Ashukuriwe Mungu. Sena ni dawa ya kumfanya mtu aharishe. Chai nyingi za "kupunguza tumbo" zinayo, mtu anaharisha anadhani kapungua. Mwenye sukari juu tayari anakojoa sana anapoteza maji, ukimwongezea na kuharisha unamuumiza. Tupa zote mbili.

MzeeWaKamanga
Ahsante Mungu. Mama apate ile ya majani matupu basi kama anaipenda, asinyimwe kikombe.

Mvuvi_wa_Kayenze
Anipe namba ya mtu wa kumpelekea sato wabichi, chai bila kitoweo ni nini. Ila seriazi mimi nadhani tunachukulia chai kama ndo mwizi na mwizi mwenyewe yuko kwenye sahani, sisi tunakula udaga (ugali wa muhogo) mlima mzima na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) juu yake halafu tunatafuta majani ya kushusha, mimi nilivyoanza chai nilipunguza na ugali kwa sababu ile chai inanikata njaa, sasa sijui ndo chai au ndo ugali.

DadaSalma_Kirumba
Mvuvi!! Hilo ungelisema mwanzo kabisa. Kwa hiyo umepunguza sukari, umepunguza ugali, na metfomini unakunywa.

Mvuvi_wa_Kayenze
Na chai.

Mhaya_wa_Maruku
Mimi naona mmeisahau kahawa. Kwenye utafiti huohuo wa mzee wa 2006 wanywaji wa kahawa vikombe vitatu na zaidi nao hatari yao ilishuka, tena zaidi ya wa chai. Kahawa haina EGCG. Kwa hiyo pengine kinachofanya kazi ni kafeini, iko kote kuwili.

KijanaWaIgoma
Nilijua tu Mhaya atatufikisha kwenye kahawa 😂 Ila kafeini ukimpa mtu mwenye kisukari palepale na chakula sukari inapanda, haishuki, wamepima hilo Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani. Na kahawa iliyotolewa kafeini nayo kwenye tafiti nyingi inaonekana na hatari ndogo. Sasa kafeini inaingiaje hapo?

Mhaya_wa_Maruku
Kupanda siku moja na kuzoea miaka ni vitu viwili. Mnywaji wa kila siku mwili wake umeshazoea. Na mbona chai nyeusi nayo ina kafeini lakini Japani haikuonyesha kitu? Labda kwa sababu wachache wanaikunywa kule. Fundi njoo hapa, usikimbie.

FundiMaabara
Sikimbii, niko zamu ya usiku. Hoja yako ya chai nyeusi inakuumiza wewe mwenyewe lakini, kama ni kafeini basi nyeusi ingefanya kazi. Nikitoka asubuhi nitarudi na hii ya kahawa isiyo na kafeini, kuna asidi yake nyingine nataka tuiongelee. BintiWaNyakato mpime mama kabla hajala, na usomaji uandike kwenye daftari pamoja na alichokula jana yake usiku.